Uamsho wa Gahini na Mambo Yaliyowavuta Watu Kando

Kamati ilipoamua kutoa jarida hili la kumbukumbu, iliwagawia watu kazi ya kuandika. Wengine wameandika habari za shule zetu, wengine habari za maji na kuni, wengine wamekusanya majina ya wazee tuliowazika huku ugenini. Sisi tuliambiwa tuandike historia ya imani, kurasa chache tu, zisomwe na wakazi wa kambi pamoja na wafanyakazi wa mashirika wanaotuhudumia. Historia ya imani ni bahari. Tukaona tuchukue habari moja, nayo ni ya Uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na sehemu za Kongo.

Tumeichagua kwa sababu maneno mengi tunayoyatumia kila Jumapili, kama kuokoka, kutoa ushuhuda na kutembea nuruni, yalitiwa nguvu na Uamsho huo hata katika makanisa ambayo hayakuzaliwa nao. Tena watu wake hawakuwa watu wa raha. Walianzia katika njaa, na wengi wao waliishia ukimbizini. Ndugu zetu Waislamu, ambao tunapanga nao foleni moja ya maji, watuwie radhi kwa kuandika mambo ya Kikristo; tunaamini swali lenyewe si geni kwao.

Swali ni hili: mtu anawezaje kumwelekezea Mungu moyo wake mahali ambapo kila saa kuna jambo jingine linalomwita? Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa katika kambi za Kigoma, mazungumzo ya watu wakitoka kanisani hayakuwa juu ya mahubiri. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia zilizokuwa zimefunga mizigo zilifungua tena, na kwa majuma mengi maombi yetu yote yakawa ombi moja tu. Hatusemi ni vibaya kumwomba Mungu chakula na safari. Tumefundishwa kuomba riziki ya kila siku. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kupiga magoti saa nzima akizungumza na orodha iliyobandikwa ubaoni, huku akidhani anazungumza na Mungu.

Watu wa Gahini walikutana na jambo hilo kabla yetu.

DAKTARI ALIYECHOKA

Gahini iko mashariki ya Rwanda, juu ya kilima kando ya Ziwa Muhazi. Hospitali yake ilijengwa na misheni ya Kianglikana iliyoitwa Ruanda Mission, ambayo ilianzishwa na madaktari wawili Waingereza, Len Sharp na Algernon Stanley Smith, waliofika Kabale, Uganda, mwaka 1921. Mwaka 1928 daktari kijana, Joe Church, alianza kazi pale Gahini. Hakupata nafasi ya kuzoea. Mwaka huo na uliofuata, mashariki ya Rwanda ilipigwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu waliacha nyumba zao; wengi walielekea Uganda kutafuta chakula na kazi, na wengine walikufa njiani. Hospitali changa ikageuka kuwa kituo cha wenye njaa. Daktari akawa mgawaji wa chakula na mwandishi wa barua za kuomba msaada, na bado wagonjwa walikuwa wakimngoja mlangoni.

Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wataijua hali hiyo kuliko sisi. Mtu amekuja kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya huruma, kisha kazi yenyewe ya huruma inamla mpaka ndani hakubaki kitu. Church alipoandika kumbukumbu zake akiwa mzee hakuficha kwamba alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Wasaidizi wake walinung'unika na sala zake zilikuwa kavu. Hakuwa ameiacha dini, wala hakuwa ameanguka katika dhambi ya kusemwa na majirani. Alikuwa na kazi nyingi njema. Ni kama Martha wa Bethania, ambaye chakula alichopika kilikuwa cha lazima, na Bwana mwenyewe alikuwa mgeni wake, lakini jikoni ndiko alikompoteza.

Mwezi Septemba mwaka 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Kule, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa amehudumu katika kikosi cha matabibu Waafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi ya afya serikalini mjini Kampala. Aliwahi kutumaini kupelekwa ng'ambo kusoma, akanyimwa nafasi hiyo. Uchungu ule ungeweza kumtawala maisha yake yote, na hapa kambini tunawajua watu wanaotawaliwa na barua moja ya kukataliwa. Yeye alitoka humo akiwa ameona kwamba uzima aliopewa na Mungu ni mkubwa kuliko masomo aliyonyimwa. Akaacha viatu na tai, akavaa kanzu, akawa mtu wa kuwauliza watu juu ya wokovu wao barabarani.

Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu. Tufikirie kidogo jambo hilo. Ulikuwa wakati wa ukoloni. Daktari Mzungu na Mwafrika walikaa pamoja na kitabu kimoja kama wanafunzi wawili, tena mwenye njaa zaidi alikuwa daktari. Hawakuandika mpango wa kazi, wala hawakuanzisha chama. Church alirudi Gahini kwenye shida zilezile. Kilichokuwa kimegeuka ni mahali alipokuwa akitazama.

MAKOSA YA WENGINE

Huko Gahini hospitali haikupona siku ileile. Mkuu wa wasaidizi alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, mwenye uwezo na mwenye manung'uniko. Mambo haya mapya hayakumpendeza. Mnamo mwaka 1931 alikwenda Kampala kuonana na Nsibambi. Nsibambi alimwuliza kwa nini hospitali inakwenda vibaya, naye Kinuka akaeleza makosa ya watu mmoja baada ya mwingine. Nsibambi akaligeuza swali, akamwuliza habari za moyo wake mwenyewe. Kinuka hakulipenda neno hilo. Lakini safari ya kurudi Gahini ni ndefu, na magari ya siku zile hayakuwa na redio ya kumsahaulisha mtu mawazo yake. Kabla hajafika alikuwa amejitoa kwa Kristo, na alipofika wenzake wakaanza kumwona ni mtu mwingine. Tangu hapo alikuwa nguzo ya kikundi cha Gahini mpaka uzee wake.

Habari hii ya Kinuka tumeizungumza sana sisi waandishi, maana inagusa mahali penye kidonda. Makosa aliyoyataja huenda yalikuwa ya kweli. Hospitali ya wakati wa ukoloni ilikuwa na mishahara midogo na maneno makali. Hatusemi kwamba mkimbizi asilalamike. Kamati hii ipo kwa ajili ya kupeleka malalamiko yenu, na itaendelea kuyapeleka: maji yakikatika tutasema, mtu akirukwa kwenye mgao tutasema. Lakini kuna namna ya kuhesabu makosa ya wengine inayomjaza mtu kabisa, hata akifungua Biblia anaona humo majina ya jirani zake. Nsibambi hakumwambia Kinuka kwamba hospitali ni nzuri. Alimwonyesha tu kwamba orodha yake ilikuwa na jina moja pungufu.

Mwishoni mwa Desemba 1933 palikuwa na mkutano wa mafundisho ya Biblia hapo Gahini. Siku ya mwisho, katika maombi, Mkristo mmoja Mwafrika alisimama akaanza kuungama dhambi zake waziwazi. Wengine wakafuata, wengi wakilia, kwa muda wa saa mbili na nusu. Baada ya hapo mambo ya rohoni yalianza kuonekana mikononi. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakaenda kupatana na waliokosana nao. Wamisionari nao waliomba radhi kwa Waafrika kwa kiburi chao cha ubaguzi, jambo ambalo wakati ule lilishangaza watu kuliko kusema kwa lugha.

BLASIO KATIKA NYUMBA YAKE

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu pale Gahini. Mwaka 1935 alijiona amekauka. Badala ya kuongeza vipindi, alijitenga katika nyumba yake juma zima akifunga na kuomba. Alipotoka alihubiri kama mtu aliyewashwa moto. Watu wa namna yake wakapewa jina la Abaka, yaani wanaowaka, na huko Uganda wakaitwa Balokole, waliookoka. Majina yote mawili yalianza kama dhihaka.

Mwezi Septemba mwaka huohuo kikundi cha Gahini kilihudumu katika mkutano mkubwa Kabale, na watu walitubu kwa wingi. Januari 1936 Blasio alikwenda Kampala akiwa na hoja tatu za kuuliza kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda. Aliuliza sababu ya ubaridi wa kanisa. Aliuliza kwa nini watu wanaojulikana kuishi dhambini wanakaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Mwisho aliuliza lifanyike nini ili kanisa liamke, na jibu lake lilikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani Amka. Hakufika kwenye sinodi. Alishikwa na homa, akafa mwezi uleule, bado kijana. Hoja zake zilisomwa na wengine, na neno lile likawa wito wa Uganda nzima.

Juma moja tu la kujitenga. Wengi wetu tutasema: katika kambi hii nani ana nyumba ya kujifungia? Nyumba ni chumba kimoja na watoto saba, jirani akikohoa unamwitikia. Ni kweli. Lakini tumewaona akina mama wanaoamka kabla ya jogoo, kabla ya foleni ya maji, wakakaa kimya nje ya mlango wakiwa wamejifunika kitenge. Hakuna anayewaandika katika ripoti.

UAMSHO NAO ULIPOKUWA KELELE

Katikati ya mwaka 1936 moto uliwaka mahali pengi kwa pamoja, Gahini na vituo vingine vya misheni huko Rwanda, hata Burundi, ambako vituo vya Matana na Buhiga vilikuwa vimefunguliwa mwaka uliotangulia tu. Watu waliimba usiku kucha. Wengine walitetemeka, wengine walianguka, wengine waliona ndoto. Hapa historia hii inakuwa ngumu, na wanaoisimulia kwa kujisifu huwa wanaparuka.

Walikuwako waliokuja kwa sababu ya Kristo, na walikuwako waliokuja kwa sababu ya kutetemeka. Baada ya muda kidogo mtu aliyelia sana alidhaniwa ameokoka sana. Wazee wa kikundi waliona hatari hiyo. Hawakuwafukuza wanaolia, ila walirudisha mikutano kwenye usomaji wa Biblia, somo baada ya somo, na kwenye swali la kawaida: je, umerudisha ulichoiba? Tunadhani uamuzi huo ndio uliouokoa Uamsho. Vuguvugu nyingi za siku zile zilizimika baada ya miaka miwili mitatu. Hii iliendelea kwa sababu haikutegemea usiku mmoja wa ajabu. Ilitegemea kikao kidogo cha kila juma, ambamo watu walisoma Neno, wakaungamiana, wakaombeana, mkubwa na mdogo, mchungaji na mpishi. Hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani ya makanisa yao, mara nyingi wakivumilia kuchekwa.

Mwaka 1937 kikundi kilifika Kabete, Kenya. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 Uamsho ulikuwa umeingia upande wa Bukoba. Humo ndimo alimotoka Askofu Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984.

Upinzani haukukosekana. Mwaka 1941 katika chuo cha wachungaji cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwamo William Nagenda, kwa sababu ya kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri kinyume cha amri ya chuo. Walipoteza daraja la uchungaji. Wasomaji wengine watasema walionewa, wengine watasema walikosa utii. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na la kujibu. Nagenda hakuwahi kuwa mchungaji, akawa mhubiri anayejulikana mpaka Ulaya.

Adui aliyeumiza zaidi hakutoka kwa wapinzani. Alitoka ndani, akiwa amevaa nguo safi. Katika miaka ya 1960 huko Uganda walitokea ndugu, wakiongozwa na mchungaji Yona Mondo, waliosema kwamba waliookoka wamepoa tena na inawapasa kuamshwa upya. Walikuwa na haki kwa sehemu: wengi walikuwa wamepoa. Lakini dalili za kuamshwa zikawa sheria. Usiwe na deni, hata la benki. Usivae nguo za fahari. Aliyekubali alihesabiwa ameamka, aliyeuliza swali alihesabiwa amelala. Mwaka 1971 ndugu wakagawanyika, na watu waliokuwa wamelia pamoja miaka 30 hawakuweza kuketi pamoja. Deni ni jambo la kuangalia, na mavazi pia. Lakini macho yaliyokuwa yakimtazama Mwokozi yakahamia kwenye shati la mwenzake. Hapa kambini mtu anaweza kuhukumiwa kwa sababu ya nguo ya mtumba aliyopewa bila kuichagua! Tumesikia mabishano ya namna hiyo, na tunaomba wazee wa makanisa wayapime kwa historia hii.

UCHUNGU WA MKIMBIZI

Tunafika mahali ambapo habari hii inakuwa yetu zaidi. Festo Kivengere, mtoto wa Uamsho huu, alizaliwa Kigezi, akafundisha shule kwa miaka mingi Dodoma, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alionywa kwamba yeye ndiye anayefuata. Alitoroka pamoja na mkewe Mera, wakatembea usiku milimani hadi wakaingia Rwanda. Askofu akawa mkimbizi kama mtu mwingine yeyote, na viatu vyenye matope.

Katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo, ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin, alieleza lililompata baada ya kutoroka. Alikuwa salama. Alikuwa akialikwa kuhubiri nchi mbalimbali, na watu walimsikiliza. Lakini ndani alikuwa akikauka, kwa sababu moyo wake ulikuwa umefunga ngumi juu ya Amin. Ijumaa Kuu alikuwa London, katika ibada. Habari za Bwana msalabani, akiwaombea waliompigilia misumari, zilimfikia kana kwamba hajawahi kuzihubiri. Akaona kwamba Amin, ambaye hakufaulu kumkamata Kabale, alikuwa amemkamata huko Ulaya. Akatubu chuki yake, akaanza kumwombea.

Hatutaki mtu achukue habari hii kumfungia mdomo aliyeumizwa. Kivengere hakuacha kusema hadharani kwamba utawala ule ulikuwa unaua watu. Aliendelea kutafuta msaada kwa wakimbizi wa Uganda, na Amin alipoondolewa mwaka 1979 alirudi kujenga, hadi alipofariki mwaka 1988. Kusamehe hakukumfanya asahau majina ya waliokufa. Kulimwezesha kuomba tena bila sura moja kuziba kila kitu. Wapo kati yetu ambao kila wakifumba macho kuomba, anayewajia si Mungu. Ni yule aliyesimama mlangoni usiku ule na panga au bunduki. Kwa hao hatuna ushauri wa haraka, na tunawaomba wahubiri wetu nao wasiwe nao. Kivengere, aliyekuwa amefundisha msamaha maisha yake yote, ilimbidi apelekwe na Mungu mwenyewe, kwa saa yake.

NYAMATA

Kuna habari moja ya nyuma kidogo tuliyoiacha kwa makusudi. Kuanzia mwaka 1959 ghasia za kikabila nchini Rwanda zilisababisha Watutsi wengi kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Wengi wa ndugu wa Uamsho walikuwa miongoni mwao, na katika makazi kama Nakivale, Uganda, vile vikao vya kila juma vilianza tena chini ya miti. Mwaka 1972 ikawa zamu ya Burundi, na Wahutu wengi waliingia Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Wazee wengine wa kambi yetu ni watoto wa safari hiyo.

Hatuwezi kuruka mwaka 1994. Rwanda, nchi ambayo Uamsho ulizaliwa, iliona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mamia ya maelfu ya watu waliuawa, wengi wao ndani ya makanisa walikokimbilia. Waliokuwa wakiua na waliokuwa wakiuawa walikuwa wamebatizwa. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, na wapo walionyamaza, na wapo waliobeba mapanga. Mtu akituuliza Uamsho ulikuwa wapi, tutamjibu kwamba tunaijua njia mojawapo ulivyopotea: kabila lilipanda polepole mpaka likasimama mahali pa Mungu, na halikubisha hodi kama dhambi. Liliingia kama jambo la busara, la kujilinda, la kuwajali watu wetu. Katika kambi yenye makabila na mataifa zaidi ya moja, tunaandika hili kwa uangalifu, lakini tunaliandika.

Nyamata, katika Bugesera, kusini ya Kigali, ni moja ya mahali palipouawa maelfu mwaka 1994, kanisani. Miaka 30 kabla yake Nyamata ilikuwa mahali pa watu kama sisi. Waliofukuzwa makwao baada ya mwaka 1959 walipelekwa huko, porini, wakaanza maisha upya. Mchungaji wao alikuwa Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho. Aliwatembelea, aliwasaidia, aliwahubiria, na alishika fedha za kanisa.

Mwishoni mwa mwaka 1963 wakimbizi wenye silaha walivamia Rwanda kutoka Burundi, wakashindwa, na kisasi kikawaangukia waliokuwa ndani ya nchi. Usiku mmoja mwezi Januari 1964 askari walimchukua Kanamuzeyi kwa gari pamoja na wenzake. Alijua wanakopelekwa. Mwenzake aliyebaki hai ndiye aliyesimulia yaliyofuata, na Joe Church, yule daktari wa njaa ya mwaka 1928, sasa akiwa mtu mzima wa mvi, akayatia katika kitabu kilichotoka mwaka 1966.

Kanamuzeyi aliomba ruhusa ya kuandika katika daftari yake. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni. Kisha akaandika hesabu ya fedha za kanisa zilizokuwa mikononi mwake, ili zifike zinakotakiwa. Akaomba pamoja na wenzake, akiwaombea msamaha waliomkamata. Halafu askari walimpeleka kuelekea daraja la mto Nyabarongo, naye akatembea akiimba, na wenzake walisikia sauti yake mpaka mlio wa bunduki ulipoikata.